Vipande vya Jinzi Vinavyoishia Mirongo: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Mwanza na Ilemela

Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Mwanza na wa Manispaa ya Ilemela,



Mezani kwangu, kando ya karatasi hii, kuna kipande cha jinzi. Ni ncha ya mguu wa suruali, urefu wake ni kama kiganja changu. Upande wa juu kimekatwa kwa mkasi. Upande wa chini bado kina pindo lake la kiwandani lenye uzi wa rangi ya chungwa. Nilikiokota asubuhi moja baada ya mvua kubwa, karibu na mahali Mto Mirongo unapoingia ziwani, kikiwa kimenasa kwenye magugu maji pamoja na chupa za plastiki na kandambili moja ya mtoto. Nilikiosha maji matatu ndipo tope likaisha. Kilipokauka nilikishika kwa mikono miwili nikakivuta kwa nguvu zote nilizo nazo. Hakikuchanika.

Najua kilikotoka. Suruali za mitumba zinazofika kwetu zilikatwa kwa vipimo vya watu wengine, na wengi wao ni warefu kuliko sisi. Kijana akishachagua suruali yake pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, akabishania bei mpaka akaipata, hatua chache mbele anamkuta fundi na cherehani yake. Fundi anamsimamisha, anatia alama ya chaki usawa wa kisigino, anakata inchi tatu au nne kila mguu, anakunja pindo jipya, na kijana anaondoka ameivaa. Ncha mbili zinabaki chini ya meza. Mteja wa pili anaacha nyingine mbili. Jua likizama fundi anazikusanya kwenye kiroba, na kiroba kikijaa kinawekwa pembeni kusubiri gari la kwenda dampo la Buhongwa. Mvua ikilitangulia gari, maji yanakipindua kiroba na kuvisomba vipande hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi Mirongo, kutoka Mirongo hadi ziwani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mkazi wa Mabatini. Kwa miaka mingi nimefundisha wasichana, na baadaye wavulana pia, kupima, kukata na kushona. Vitambaa vya kila aina vimepita mikononi mwangu, na nasema bila kusita kwamba hakuna kitambaa kinachotupwa katika mji huu kikiwa bado na uhai mwingi kama jinzi. Nawaandikia kuomba jambo lililo ndani ya uwezo wenu: mabaki ya jinzi yatengwe sokoni kabla hayajawa taka, na mafundi wanaojua kuyatumia wapewe paa, umeme na kazi.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwa sababu jambo hili kwetu lina mizizi.

Jinzi ni pamba. Watu wengi wa umri wa wajukuu zangu hawalijui hilo. Wanadhani jinzi ni kitu cha namna yake, kama ngozi au plastiki. Vuta uzi pembeni mwa kitambaa utaona. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda urefu wa kitambaa, zimetiwa nili kabla ya kufumwa. Nyuzi za mshindio, zile zinazopita katikati yake, zimeachwa nyeupe. Ndiyo maana jinzi nje ni ya buluu na ndani ina weupe, na ndiyo maana ikisuguliwa magotini inapauka. Kila uzi wa mshindio unapita chini ya mitande miwili au mitatu ndipo uibuke juu ya mmoja, na huo mfumo wa mshazari ndio unaokifanya kitambaa kiwe kizito na kigumu kuchanika.

Sisi wa kanda hii pamba hatukuisoma vitabuni. Tuliichuma. Baba yangu alilima Kwimba, na vidole vyangu bado vinakumbuka ncha kavu za vitumba zinavyochoma. Mbegu zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Bei ilipiganiwa na wakulima wenyewe kupitia vyama vya ushirika walivyovijenga kina Paul Bomani miaka ya 1950, na watoto wengi wa Usukuma walisomeshwa kwa fedha za pamba. Kiwanda cha MWATEX, kilichojengwa hapa mjini miaka ya 1960, kilikuwa cha kutufumia kitambaa cha pamba yetu wenyewe. Historia yake ya baadaye mnaifahamu, ya ubinafsishaji na vipindi virefu vya ukimya. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hupandishwa meli ikiwa robota za nyuzi ambazo hazijasokotwa. Inakwenda nje, inasokotwa, inatiwa rangi, inafumwa, inashonwa, inavaliwa na watu wa nchi nyingine, kisha inafungwa tena kwenye belo na kurudi kwetu. Siwezi kusema kwamba nyuzi za kipande hiki kilicho mbele yangu zilichumwa Kwimba. Lakini nikikishika nakishika kama kitu cha nyumbani.

Wala hii si mara ya kwanza kwa kitambaa cha ng'ambo kutufikia. Karne ya 19 misafara iliyopanda kutoka pwani ilileta merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichofumwa kwenye viwanda vya Marekani na kuchukua jina la nchi kilikotoka. Ilileta pia kaniki, ya buluu iliyokolea kama usiku. Vyote viwili vilitumika kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na ujira wa wapagazi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaniki, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona jinsi alivyoitumia. Ilipochakaa pembeni akaifanya mbeleko. Ilipozidi kuchakaa akachana kipande akaviringisha kata ya kubebea mtungi. Kilichobaki kilisugua vyombo, na utepe mwembamba wa mwisho ukawa utambi wa koroboi. Kitambaa kile kiliondoka duniani kikiwa mwanga. Sijui siku ambayo tuliacha kuishi hivyo, ila najua kwamba mafundi wa jinzi hawakuacha.

Asubuhi moja niliomba kigoda nikaketi kando ya mmoja wao. Alikuwa na cherehani aina ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, mwavuli mkubwa wa rangi nyingi juu yake, na kopo la maziwa lililojaa zipu za zamani. Mbele yake kulikuwa na suruali iliyokufa: makalio yametoboka, goti moja limekwisha. Mwenye duka alimpa bure kwa sababu hakuna mnunuzi angeigusa.

Aliigeuza ndani nje. Akachukua wembe, akaukata katikati ndani ya karatasi yake ili usimdhuru, akaanza kufumua. Mshono wa ndani wa mguu wa jinzi umekunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili sambamba, hivyo hauachii kwa kuvutwa. Unakata uzi mmoja baada ya kila mishono mitatu, kisha unavuta kutoka upande wa pili. Miguu ilipofunguka ikawa vipande vinne virefu. Aliviinua kimoja kimoja dhidi ya jua. Penye mwanga mwingi kitambaa kimekwisha. Penye giza bado kizima. Sehemu ya nyuma ya paja, kuanzia chini ya mfuko hadi kwenye shavu la mguu, ilikuwa nzito kabisa, kwa sababu hapo suruali haisuguliki kama makalioni na magotini. Kutoka hapo alipata pande mbili za mkoba. Mifuko ya nyuma ya suruali akaitoa mizima na kuipiga mbele ya mkoba, mmoja wa kalamu na mmoja wa daftari dogo. Mkanda wa kiuno, ambao una tabaka kadhaa za kitambaa, ukawa mshikio.

Kazi ngumu ilikuja mishono ilipokutana. Hapo tabaka zinafika nane, na sindano ya kawaida inavunjika kama kijiti. Aliweka sindano namba 18, akaweka ule mkutano wa mishono juu ya jiwe, akaugonga kwa nyundo mpaka ukalala, akapitisha kipande cha sabuni kavu juu yake ili sindano iteleze, kisha akauzungusha mkono wa cherehani taratibu kwa kiganja, tundu kwa tundu, bila kukanyaga. Nimefundisha ushonaji muda mrefu na ile ya sabuni sikuwahi kuifundisha. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniambia Mwalimu, hata yeye aliipata kwa fundi aliyekuwa ameketi kigoda hicho hicho kabla yake.

Mkoba ulikamilika kabla ya adhuhuri. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akipita alisimama, akaupima kwa kuutia mkono ndani na kunyoosha ngumi, akaulizia bei. Aliondoka nao kwa ajili ya mwanawe wa darasa la tatu.

Waheshimiwa, kazi hii ya fundi ina ukoo wa heshima. Suruali ya jinzi kama tunavyoijua ilibuniwa na fundi cherehani. Jacob Davis alikuwa na kibanda chake cha ushonaji mji wa Reno, Nevada, na husimuliwa kwamba mke wa mkata kuni alimwomba suruali ya mumewe isiyochanika upesi. Akapiga ribiti za shaba kwenye kona za mifuko. Fedha za kusajili ubunifu huo hakuwa nazo, hivyo akamwandikia muuza vitambaa wake wa San Francisco, Levi Strauss, na haki wakapewa wote wawili tarehe 20 Mei 1873. Wazo lilikuwa la fundi. Kilichomkwamisha ni ada ya usajili. Kila ninapopita Mlango Mmoja hulikumbuka hilo.

Kampuni hiyo hiyo ya Levi Strauss ilikadiria mwaka 2015 kwamba suruali yake moja inakunywa lita 3,781 za maji katika maisha yake yote, kuanzia shamba la pamba hadi kufuliwa kwake, na sehemu kubwa kabisa ya maji hayo inaishia shambani. Anayeivaa kwa miaka miwili zaidi, au anayeigeuza mkoba, anayatumia maji ambayo tayari yamekwisha kulipwa. Anayeitupa anayamwaga.

Na inapotupwa inakwenda wapi? Hapa naomba uvumilivu wenu, maana jambo hili linahusu chakula chetu. Jinzi za zamani zilikuwa pamba tupu. Za siku hizi, hasa za kike zile za kubana, zimechanganywa na spandeksi ili zivutike, na nyingi zina poliesta. Wanafunzi wangu nilikuwa nawafundisha jaribio la moto: chomoa uzi, ushike kwa koleo, uuwashe. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unanuka karatasi, unaacha jivu laini linalopeperuka. Uzi wa plastiki unajikunyata, unayeyuka, unaacha shanga ngumu nyeusi. Ile shanga ndiyo inayobaki ziwani. Mwaka 2016 jarida la Journal of Great Lakes Research lilichapisha matokeo ya watafiti waliopasua matumbo ya sangara na sato walionunuliwa hapa hapa Mwanza. Kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na chembe za plastiki, na kati ya plastiki zilizotambuliwa poliesta ilikuwemo.

Hata pamba yenyewe ikishatiwa rangi na dawa za kiwandani haiozi haraka kama tunavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba nyuzi ndogo za jinzi, zinazotambulika kwa nili yake, zimefika kwenye matope ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na hata kwenye bahari ya Aktiki, na kwamba suruali moja ikifuliwa mara moja inaweza kuachia nyuzi takriban 56,000. Nililisoma hilo nikaenda kusimama Kirumba, nikatazama akina mama wakifua juu ya mawe, watoto wakiogelea pembeni, mitumbwi ikishusha dagaa. Siwalaumu akina mama. Maji ni pale yalipo. Lakini nikajua kwamba kipande nilichokiokota kingekaa kwenye tope lile kwa miaka, kikijichambua uzi mmoja mmoja mbele ya midomo ya samaki.

Lipo jingine ambalo lazima niliseme hata kama litawaudhi rafiki zangu. Sokoni kuna vijana wanaofufua jinzi zilizopauka kwa kuzichemsha na rangi kwenye pipa. Kazi yao ni nzuri, inaongeza maisha ya nguo na inawapa riziki. Ila maji ya mwisho wa siku, meusi kama wino, yanamwagwa mtaroni. Wakifukuzwa watahamia uchochoro mwingine na kumwaga huko huko. Wakichimbiwa shimo lenye kokoto na mchanga la kuchuja na kunyonya maji hayo, mbali na mtaro na mbali na visima, watakaa mahali pamoja, nanyi mtajua waliko.

Najua wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku mitumba. Ninawaelewa kuliko wanavyodhani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaazimia kuziondoa nguo hizi ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, sisi na Uganda tukafuata, Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye soko lile lisilo na ushuru. Siku viwanda vyetu vitakapofuma jinzi ya pamba ya Simiyu nitakuwa wa kwanza kununua. Lakini belo lililofunguliwa leo asubuhi halisubiri siku hiyo. Belo la kilo 45 lina suruali sitini na kitu; zile za juu zinauzwa kabla ya chai, za kati zinauzwa wiki nzima, na za chini, zenye madoa ya rangi na magoti yaliyokwisha, zinabaki mikononi mwenu, Waheshimiwa, kwa sababu nyinyi ndio mnaolipa gari la taka. Na mzigo hautapungua. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kando na taka nyingine. Zikishakusanywa huko zitatafutiwa pa kwenda.

Majirani zetu wa ziwa hili wameshaanza kuzitumia upya nguo za namna hii. Kampala, mbunifu Bobby Kolade, kupitia lebo yake ya BUZIGAHILL, anachukua mitumba ya soko la Owino, anaifumua na kuishona upya, kisha anawauzia watu wa nchi zile zile ilikotoka. Mkusanyiko wake ameuita, kwa Kiingereza, Rudisha kwa Mtumaji. Nairobi kuna Africa Collect Textiles, wanaoweka masanduku ya kukusanyia nguo chakavu, wanazichambua, na zisizovalika wanazigeuza mikoba, mazulia na vitu vya kuchezea watoto. Hakuna kati yao aliyeanza na kiwanda kikubwa. Kazi yao inaanzia kwenye meza ya kuchambulia.

Nasisitiza meza, kwa sababu najua mtaletewa michoro ya mitambo. Ipo mitambo ya kuchana jinzi na kuirudisha kuwa nyuzi, na ng'ambo inafanya kazi. Ila inadai suruali zilizochambuliwa kwanza, zisizo na spandeksi, zilizotolewa zipu na ribiti. Mara nyingi sehemu ya kiunoni inakatwa na kutupwa, miguu tu ndiyo inayoingia. Nyuzi zinazotoka ni fupi, hivyo huchanganywa na pamba mpya ndipo zisokoteke. Bila meza ya kuchambulia mtambo huo ungekufa njaa hapa Mwanza ndani ya mwaka. Meza ikiwepo, mtambo unaweza kuja baadaye ukakuta kazi imeanza.

Sasa ombi lenyewe.

Pale sokoni patengwe banda moja lenye paa na sakafu ya saruji. Kiwepo kizimba cha jinzi tu. Mafundi walete ncha za miguu, wauzaji walete suruali zisizouzika, na walipwe hata kidogo kwa kilo ili wasione taabu kuzibeba. Wawepo watu wa kuchambua: pamba tupu huku, za kuvutika kule, zipu na vifungo kwenye makopo. Wala hamhitaji maabara. Kiberiti na koleo vinatosha, na niko tayari kuwafundisha wachambuzi wa kwanza bila malipo.

Cherehani nzito zipatikane kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hii inakwenda sana kwenye biashara zinazofanana, na kikundi cha kumi kinachouza bidhaa ile ile mtaa ule ule kinashindwa kurejesha. Malighafi ya jinzi haina mnunuzi mwingine. Nawaombea hasa vijana viziwi, ambao kadhaa nimewafundisha mwenyewe. Mkono wao kwenye kufumua ni mwepesi na jicho lao kwenye mshono halikosei.

Kisha muwe wateja. Hapa ndipo penye uzito wote wa barua yangu. Fundi anaweza kushona mikoba mia, lakini akikaa nayo mwezi mzima anarudi kwenye kupunguza suruali. Wafagiaji wetu wa barabara, wanaoamka alfajiri na ambao kwa jasho lao jiji hili limeshinda mashindano ya usafi zaidi ya mara moja, wanahitaji aproni na glavu ambazo miiba haitoboi. Akina mama wa soko la Mwaloni wanaobeba mabeseni ya dagaa wanahitaji kata nzito. Nimewaona wakiviringisha viroba ambavyo vinateleza na kuwachubua utosi. Watoto wa shule za msingi wanahitaji mikoba. Tangu mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumebaki na mifuko mbadala, ambayo mingi ni polipropilini, nayo ni plastiki ile ile kwa sura nyingine. Ikitiwa kilo tatu za viazi inaachia mishikio. Mfuko wa jinzi ungebeba kilo tatu hizo miaka kumi. Sheria ya ununuzi wa umma inawataka mtenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Zabuni moja ya aproni, ikigawiwa vikundi vitatu vya mafundi, ingekifanya kile kizimba kijazwe na kumalizwa kila wiki.

Mtaniuliza gharama. Sina mamlaka ya kuwakadiria, mnao wachumi wenu. Naomba tu wahesabu pia upande wa pili: mafuta ya lori kila safari ya Buhongwa, na malipo ya vijana wanaoingia Mirongo kuzibua kila masika. Nimeshuhudia wakitoa furushi lililoziba daraja dogo. Waliliburuta hadi ukingoni wakalipasua kwa panga. Sehemu kubwa ilikuwa nguo, na katika nguo, zilizokuwa nzima kuliko zote ni jinzi.

Kuhusu wapi pa kuanzia, ningeanza na vile vipande vidogo, ncha za miguu. Suruali nzima ina wagombea wengi, fundi yuko radhi kuilalia. Ncha hazina mwenyewe. Lakini kila moja ni pete ya kitambaa yenye pindo la kiwandani ambalo tayari limeshonwa. Ukiziba upande uliokatwa una kifuko cha simu au cha vidonge vya bibi. Ukizifungua kumi na mbili ukaziunganisha una upande mzima wa mkoba, wa buluu kumi na mbili tofauti, kutoka ile iliyokolea kama kaniki hadi ile ya mbingu ya saa moja asubuhi. Kazi ya mikono ya namna hiyo hata watalii wanaopiga picha Jiwe la Bismarck wangeinunua, lakini mimi nawafikiria kwanza watoto wa Mabatini.

Kile kipande cha Mirongo nimeshaanza kukishona na wenzake kumi na mmoja, ambao fundi alinichagulia kutoka kwenye kiroba chake. Mshono mmoja umebaki, ule wa kona ambapo tabaka ni nane. Nimeshaugonga na nimeupaka sabuni. Mkoba utakuwa tayari kabla ya kikao chenu kijacho, nami nitaomba nafasi ya dakika kumi niulete, ili mmoja wenu aushike kwa mikono miwili na kuuvuta.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Mabatini, Mwanza